Mama wa Kukodi

Sehemu ya kumi na moja

Wiki jana tulimwacha Mama Mungai kwenye mlango wa jikoni, bakuli la supu mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kimenyooka kama msumari. Bado kimenyooka. Hajakishusha.

"Wewe," alisema. "Si wewe ni Kavata?"

Mpishi aliyeinamia sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ya Wakamba, hakugeuka. Mwiko ulisimama tu.

"Geuka nikuone! Kavata wa Lavington. Kavata wa ile kesi!"

Kasiva alikuwa katikati yao na trei ya vikombe. Vikombe vikaanza kugongana vyenyewe.

Wewe uliyekosa gazeti, njoo hapa karibu nikudokezee upesi. Kasiva anataka kuolewa na Mungai, na huyu Wangui mwenye kidole ndiye mama yake Mungai. Kasiva aliwaambia watu hao kwamba wazazi wake ni walimu wastaafu wa Machakos. Walimu gani? Wale wazee wawili walioketi sebuleni kwake Kilimani, Mzee Kaindi na mama aitwaye Debra, ni wa kukodi. Kaindi huongoza sherehe za watu kule Westlands. Debra aliwahi kuigiza tangazo la sabuni kwenye televisheni, na hajalisahau mpaka leo.

Mama wa kweli ndiye huyo mwenye mwiko. Alikuwa amemwomba binti yake, "Niache basi nikupikie. Mpishi haulizwi ukoo." Na Kasiva akakubali. Ndiyo, alikubali. Usimhukumu bado.

"Mama, kuna nini huko?" Mungai aliita kutoka sebuleni.

"Kuna muuaji jikoni! Hiyo chakula msiguse!"

Vijiko vikatua kwenye sahani. Mjomba mmoja aliyekwisha kujaza mdomo alibaki hivyo hivyo, hajui ameze au ateme.

Wangui akaingia sebuleni, pumzi juu. "Huyu mwanamke alikuwa ameandikwa kwa rafiki yangu Lavington. Akaachiwa mtoto wa miaka miwili. Yeye akaenda getini kupiga domo na mtu wa bustani, mtoto akatumbukia kwa bwawa la kuogelea. Mimi mwenyewe nilisimama kortini nikasema. Akafungwa miaka tisa!"

Kasiva alifumba macho akingoja sentensi inayofuata. Na alikuwa na mimba. Na alizalia huko huko ndani.

Haikuja. Wangui hakulijua hilo.

Badala yake ilikuja sauti ya Debra. Alikodiwa atabasamu na kuitikia, hakukodiwa kufukuza watu, lakini mwigizaji akiona jukwaa atafanyaje? Aliruka kutoka kwenye kochi akajipiga paja.

"Ngai! Kwa nyumba ya binti yangu? Toka! Toka na mikono yako hiyo!"

Kavata akafungua aproni yake polepole. Akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kaunta.

"Samahani, wazee wangu," alisema. "Nimetumwa tu na wenye chakula. Simjui mtu hapa." Halafu akamtazama Kasiva kama mtu anavyomtazama karani wa dirishani. "Hata huyu dada simjui."

Msomaji wangu, umewahi kuokolewa na mtu, halafu ukatamani angekuacha tu upotee?

Mlango ukafungwa. Nyayo za Kavata zikasikika kwenye ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka zikanyamaza.

Aliyeanza kusema ni Mzee Waithaka, babu yake Mungai, ambaye wote walimwita Guka. Mzee wa kofia na bakora, mwenye macho ya kuchekacheka.

"Haya. Mpishi ameenda. Kwani tulikuja kuoa mpishi?"

Watu wakacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa moyo. Mjomba akameza.

"Mzee Kaindi, tusamehe kwa kelele," Guka aliendelea. "Binti yenu hana kosa. Mtu hajui historia ya kila mtu anayemwandika kazi."

Kasiva aliketi. Ameshinda! Uongo umepita kwenye moto ukatoka mzima. Mungai alimshika mkono akauminya. "Pole, Kasi," alinong'ona. "Mama yangu hana breki."

Mbona basi ulimi wake ulikuwa mkavu hivi?

"Sasa," Guka alisema, akasimama. "Leo tulisema tunakuja kubisha hodi tu. Lakini mimi nina jirani Mkamba kule Kikuyu. Akaniambia, Mzee, ukienda kwa Wakamba mikono mitupu, wewe umeenda kutembea, hujaenda kuoa. Nikamuuliza, mtu huenda na nini? Akanifundisha." Akatabasamu meno yote. "Mbuzi watatu wako chini kwa pikapu. Twendeni, Mzee Kaindi, nikukabidhi kamba."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kaindi alibadilika rangi.

Wewe usiye Mkamba, sikia. Hao mbuzi wa Guka ndio ntheo. Mwanamke ambaye ntheo yake haijafika kwao, hata akizaa watoto saba, bado ni binti wa kwao. Ikishapokelewa, basi, imepokelewa. Kasiva alikuwa amepanga maneno, soda na muthokoi. Mbuzi hakuwapanga. Nani angefikiri mzee wa Kikuyu angejitia kujua mila kuliko wenyewe?

Kaindi akamvuta Kasiva kwenye ujia wa bafu.

"Mtoto, hatukuongea mbuzi."

"Mzee, pokea tu. Ni mbuzi."

"Ni mbuzi?" Alimtazama kama amemtukana. "Nikishika ile kamba wewe ni wangu mbele ya watu na mbele ya Mungu. Siku ukiwa na shida, wataitwa ndugu zangu. Watoto wako watauliza kwa bibi ni wapi, waletwe kwangu. Na yule aliyekuzaa hatakuwa na mahali pa kusimama. Mama yako yuko wapi?"

"Hayuko."

"Hayuko amekufa, ama hayuko amefichwa?"

Kasiva alitazama mlango wa bafu.

"Mimi nimeigiza baba wa watu kumi na wanne," Kaindi alisema. "Nimecheka, nimelia, nimebariki pete. Kamba ya mbuzi sijawahi kushika. Nitashuka, kwa sababu hao watu wako kwa ngazi tayari. Lakini kabla sijaishika nitakutazama mara moja. Ukitingisha kichwa, naacha. Usipotingisha, hiyo ni juu yako."

Wakashuka.

Chini kwenye maegesho, Mutinda, askari wa geti, alikuwa amesimama mbele ya pikapu na kitabu chake cha wageni.

"Mzee, mimi sikatai sherehe. Nasema mbuzi haiwezi ingia kompaundi bila kuandikwa. Huyu anaenda nyumba gani?"

"Andika nne C," alisema Mungai.

"Wote watatu nne C? Na watatoka saa ngapi?"

"Watatoka kama supu," Guka alisema, na watu wakaangua kicheko. Mbuzi mweupe alikuwa ameshafika kwenye ua wa maua akijihudumia bila kuandikwa.

Kasiva hakucheka. Alikuwa amemwona mtu kando ya kibanda cha Mutinda.

Mama yake hakuwa ameondoka. Hakuweza. Kwenye majumba yetu haya, mgeni wa gari kubwa hupigiwa saluti akitoka. Mpishi, mfuaji na msichana wa kazi hungoja wapekuliwe mkoba. Kavata alikuwa akingoja Mutinda amalizane na mbuzi.

"Mama, lete basi tumalize," Mutinda alisema bila ubaya. Akaingiza mkono mkobani, akatoa sapatu, chupa ya maji, Biblia ndogo. Kisha akatoa leso mpya kabisa, bado ina mikunjo ya dukani.

"Ngoja!" Debra alipaza sauti. Aliona jukwaa tena, akainyakua. "Hiyo leso si ya kule juu? Ile nilikuwa nivae leo! Nimeitafuta asubuhi yote!"

Uongo mtupu. Alidhani anasaidia kazi.

"Mnaona?" Wangui alipiga makofi mara moja. "Mnaona sasa? Aliua, sasa anaiba!"

Kavata hakujitetea. Alifanya jambo lililowanyamazisha wote, hata mbuzi ungedhani wamesikia. Aliweka mkoba chini. Akaugeukia ukuta. Akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa, akachuchumaa, magoti pamoja, kisogo kimeinama.

Hakuna aliyemwambia.

"Mama, sijasema hivyo," Mutinda alisema, sauti imemlegea. "Mama, simama tu. Aki simama."

Hakusimama. Mwili wake ulikuwa umekumbuka mambo yake wenyewe.

Kasiva aliijua ile namna ya kuchuchumaa. Aliijua kabla ya kujua kufunga viatu. Asubuhi na jioni wanawake walichuchumaa watano watano wakahesabiwa, naye akiwa ameshika nguo ya mama yake kwa nyuma. Askari alihesabu akaruka kichwa chake. Watoto hawakuhesabiwa. Mpaka alipotimiza miaka minne akapelekwa kwa bibi yake, Kasiva hakuwahi kuwa nambari yoyote.

Na huko kwa bibi, shuleni, wakamwita mtoto wa jela. Mwalimu aliposema jembe limepotea, darasa zima liligeuka kumtazama yeye. Akajifunza kuwa mdogo. Hata leo, ofisini Westlands, mkubwa wake akimsifu mbele ya watu, yeye hutazama nyuma aone anayesifiwa ni nani. Miaka yote hiyo amekuwa akitembea na viatu vya visigino virefu, na ndani amechuchumaa.

"Mzee Kaindi, shika," Guka alisema, akanyoosha kamba.

Mkono wa Kaindi ulinyanyuka. Ukasimama hewani. Macho yake yakamtafuta Kasiva.

Msomaji, hapa ndipo yote yalipo. Akinyamaza, anaolewa. Ana mume, ana jina safi, ana mama wa tangazo la sabuni. Akisema, huenda ukawa mwisho wa yote mbele ya hawa watu na mbele ya mbuzi.

Kasiva alitingisha kichwa. Halafu akavua viatu, sijui kwa nini, akavuka yale maegesho peku.

"Mwaitu," alisema. Ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. "Mwaitu, simama."

Kavata hakugeuka. "Rudi," alinong'ona ukutani. "Rudi kwa watu wako, mtoto, usiniharibie."

"Watu wangu ni wewe. Simama."

Akamshika makwapani akamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Akamgeuza, akamshusha mikono kutoka kichwani, mmoja halafu mwingine.

"Hiyo leso ni yake," Kasiva aliwaambia watu. "Huyu ni mama yangu. Ndiye aliyenizaa. Hawa wawili nimewakodi."

Mutinda akafunga kitabu chake cha wageni.

Kaindi alipumua kama mtu aliyetua gunia la simiti. Debra alijifuta jicho. "Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumpenda kama wangu, jameni."

"Debra, nyamaza," Kaindi alisema. "Na rudisha leso ya mwenyewe."

Mungai alikuja hatua mbili, akasimama. "Kasi. Unasema nini?"

"Umesikia."

"Miaka mitatu! Nimekuuliza kuhusu mama yako mara ngapi? Ukaniambia anafundisha, ukaniambia ana presha, ukaniambia amekutumia maembe. Maembe nilikula, Kasi!"

"Nilinunua sokoni."

"Kwa nini? Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa uso wako utakavyokuwa ukijua." Alimtazama. "Ndio huo."

Mungai akageuza uso kama aliyepigwa kofi.

"Mimi nilisema!" Wangui alifoka. "Mtoto wa nyoka ni nyoka! Guka, panda gari. Mbuzi wapande. Hatuwezi kuingiza damu hii kwetu."

Zamani, neno hilo la damu lingetosha kumlaza Kasiva kitandani siku tatu. Alilisubiri lifike lilipozoea kufika. Likafika. Likauma. Lakini halikumwangusha, na yeye mwenyewe alishangaa.

"Mama Mungai," alisema, "nilizaliwa ndani. Hiyo hukuijua, sasa ijue. Nilikuwa tumboni ukitoa ushahidi. Kama mama yangu alikosa, alikaa miaka tisa akatoka. Mimi ndiye nilibaki. Nimekaa hiyo tisa, nikaongeza kumi na saba nyingine juu, na sikuhukumiwa na mtu. Leo mimi natoka. Mkitaka kwenda, nendeni. Lakini mama yangu hatachuchumaa tena mbele yenu."

Guka hakupanda gari. Aliirudisha kamba taratibu kwenye chuma cha pikapu, akaifunga fundo. Akaegemea bakora yake.

"Mama Kasiva," alisema.

Kavata aligutuka. Miaka ishirini na sita, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumwita hivyo mbele ya watu.

"Mama Kasiva, una la kusema?"

"Sina, Mzee. Hayo yaliisha kortini."

"Mwaitu." Kasiva alimshika mkono. Kuna swali alikuwa hajawahi kumuuliza. Alilizunguka maisha yake yote kama mtu anavyozunguka shimo kwenye njia ya nyumbani. Sasa, kwa kuwa lolote atakalojibiwa halingemfanya amwachilie, aliweza kuuliza. "Ni kweli ulikuwa getini?"

"Kasiva..."

"Sema tu. Nimeshasimama na wewe, sirudi nyuma. Ulikuwa getini?"

Kavata alitazama saruji. "Sikuwa getini. Nilitumwa dukani."

"Mwongo!" Wangui alisema. Lakini lilitoka haraka mno, kabla hata mtu hajamtazama.

"Na nani alikutuma?" Guka aliuliza.

"Mwenye nyumba alikuwa kazini," Kavata alisema. "Kulikuwa na mgeni. Mgeni akasema, Kavata, kimbia uniletee maziwa ya chai, watoto nitaangalia mimi. Nikakimbia. Niliporudi mgeni alikuwa ndani kwa simu, anacheka. Na nje..." Akamtazama Wangui kwa mara ya kwanza, si kwa hasira. Kwa huruma, na huruma hiyo ilimtisha Wangui kuliko matusi. "Wangui, tuachie hapo. Mimi nilinyamaza kortini nikakaa tisa, na sikunyamaza kwa ajili yako. Unajua ni kwa ajili ya nani."

"Umesema watoto," Guka alisema polepole. "Mtoto alikuwa mmoja."

Wangui akamsogelea Kavata.

"Kavata, nakuomba," Wangui alisema. Sauti ilikuwa imeisha makali yote. "Nakupigia magoti. Usiseme."

"Sisemi. Sikusema wakati ule, nitasema leo?"

Basi ingeishia hapo. Wanawake wawili wangeifunga ile siku na kuirudisha kaburini. Kasiva alikuwa akimtazama Guka, Guka akimtazama Wangui, na hakuna aliyekuwa akimtazama Mungai.

Mungai alikuwa ameketi chini, juu ya lami, katikati ya magari.

"Lile bwawa," alisema, "lilikuwa na samaki wa vigae chini ya maji. Samaki wa buluu."

"Mungai, simama twende," Wangui alisema.

"Mama, uliniambia sijawahi kufika ile nyumba. Mbona nawajua samaki?"

"Mungai!"

"Nilikuwa na miaka sita, si ndio? Nilitaka kumwonyesha yule mtoto samaki." Aliinua mikono yake miwili akaitazama, kiganja na kiganja, kama mikono ya mtu mwingine. "Viatu vyake vilikuwa vyekundu. Kimoja kilibaki mkononi mwangu."